Maji Ndani ya Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye gereji ya jua kali pale Huruma, Eldoret, sisi wenye magari tulikaa juu ya kiti cha basi kilichong'olewa na kuwekwa chini, tukasubiri fundi na kutoa hukumu. Mmoja hangeweka kulanti ya kijani, ile dawa ya kupoza injini, hata apewe bure, kwa sababu alidai ilimtobolea rejeta. Mwingine aliapa hatanunua tena mafuta ya breki ya chupa ndogo, kwa kuwa siku moja alikanyaga breki ikazama mpaka chini na gari likaishia ndani ya ua wa watu. Mwenye lori alikuwa na kesi na dawa ya kuziba rejeta. Alisema afadhali umwage uji. Fundi alikuwa chini ya gari akisikia yote hayo. Alijua nusu ya magari yetu tuliyaharibu wenyewe, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa ziwa, na nilikuwa na pikapu kuukuu na ulimi mkali. Pale gereji ulimi wangu ulikuwa na cheo. Wenzangu wangebishana nusu saa, kisha mmoja aseme, "Wacha tuulize Mwalimu." Nikisema oili fulani ni takataka, wiki hiyo hainunuliwi. Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyopenda kufundisha. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma baadaye.

Ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyetoka mkoa wa kati alikuwa na kibanda cha mabati. Aliuza oili ya kupima. Unakuja na chupa yako, anaipampu kwa mkono kutoka kwenye pipa, anapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa, anakupa. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili, na wote watatu walilala kwenye chumba nyuma ya kibanda. Hakuwa mtu wa porojo. Nusu ya magari ya Huruma yalikunywa oili yake, langu likiwemo, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika.

Mwaka ule wa uchaguzi rejeta ya pikapu yangu ilianza kuvuja. Nilijua inavuja. Kila asubuhi nilikuta maji chini, nikaijaza kutoka bombani, nikaenda zangu. Fundi aliniambia mara mbili nilete gari aizibe. Nikamwambia nina shughuli. Siku moja nilikwenda Chepsaita kuchukua magunia ya mahindi, na asubuhi hiyo nikasahau kujaza maji. Wakati wa kurudi sindano ya joto ilipanda mpaka mwisho. Niliiona. Nikaendelea, kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga na sikutaka mahindi yanyeshewe. Kabla ya kufika Turbo gari lilikuwa linatoa moshi mweupe na kukohoa. Nililiacha lipoe, nikaomba maji kwa watu, nikarudi polepole huku nikilitukana gari.

Jumamosi nikafungua boneti na kuvuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mbele ya watu. Ilitoka imepakwa kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa. Kila mwenye gari pale alijua maana yake: maji yameingia kwenye oili. Yule wa lori akaniuliza, "Mwalimu, oili uliongeza wapi?"

Ningeweza kusema ukweli, kwamba niliendesha gari bila maji. Nilivuka barabara na dipstiki mkononi.

"Mama, wewe unatuuzia maji!"

"Maji gani, Mwalimu?"

"Si uone mwenyewe! Hii ni oili ama ni chai?"

Aliiangalia kwa makini, akaigusa kwa kidole. "Hii maji haijatoka kwangu," akasema. "Gari yako ilichemka?"

"Usinifunze gari yangu."

Watu walikuwa wamevuka kunifuata. Mama hakupandisha sauti. Alichukua chupa nyeupe ya kioo, akapampu oili kutoka pipa lile lile alilokuwa ananiuzia, akaiweka mezani mbele yetu sote. "Ngojeni," akasema. "Kama iko na maji, maji itaenda chini. Mtaiona na macho yenu."

Tukangoja. Oili ilikaa vile vile, safi kutoka juu mpaka chini. Mama akanigeukia akitegemea niseme neno moja tu. Nikasema, "Hiyo umetoa kwa pipa ya wageni. Yetu iko nyuma." Watu wakacheka sana. Nilicheka nao, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika, na ilinipendeza. Sina njia nzuri ya kuliandika hilo.

Jumatatu fundi akafungua injini. Aliniita kando, akanionyesha. "Mwalimu, ni gasketi imeungua, ile inazuia maji isiingie kwa oili. Ilipata moto mingi. Oili haina makosa." Nikamwambia abadilishe gasketi afunge injini, na kwamba mambo ya gari langu si lazima yatembee mtaani. Aliniangalia kidogo, akasema sawa. Nilikuwa mteja wake wa miaka mingi.

Maneno yangu yalitembea bila msaada. Kabla ya mwezi kwisha, kila gari lililougua Huruma lilikuwa limetiwa ugonjwa na mama. Mtu mmoja klachi yake ilikwisha, akasema ni oili yake, na klachi yenyewe haikutani na oili hiyo popote. Nilijua ni upuuzi. Sikumrekebisha. Kisha kampeni zikapamba moto, na maneno yakaongezewa mkia. Haikuwa tena mama mmoja anayechanganya. Walikuwa watu wake wote, ndivyo walivyo, ndivyo walivyotajirika. Nilisema ya mtu mmoja, tena ya uongo, na sasa yalikuwa yanasemwa juu ya kabila zima na watu wazima wenye leseni. Kibandani magari yalipungua, mpaka ikawa mama anakaa kutwa mikono mapajani.

Matokeo ya kura yalipotangazwa Huruma iliwaka. Waliokuwa wanatafutwa siku zile ni watu wa kabila la mama, si wa kwetu, kwa hiyo nilisimama mlangoni pangu mchana kweupe na kuangalia. Mama na mabinti wake walikuwa wamekimbilia kituo cha polisi siku iliyotangulia, na nguo za mwilini tu. Kundi la vijana liliingia barabara ya gereji na rungu na petroli. Wawili kati yao niliwafundisha hesabu darasa la sita. Vibanda vilikuwa vingi, na mmoja wao akauliza waanze na kipi.

"Anza na hii," mwenzake akajibu. "Hii ni ya ule mama wa oili ya maji."

Nilisikia vizuri. Nilikuwa hatua thelathini hivi.

Sasa nitakuambia kitu ambacho kila mwenye gari anakijua. Oili yenye maji ukiichoma hutatarika na kuruka, vile mafuta ya kukaangia hufanya ukitia sukuma wiki yenye maji. Mapipa ya mama yalishika moto yakawaka kwa mwako mmoja, laini, mpaka jioni, na moshi wake mweusi ukafunika gereji nzima. Hayakutatarika hata mara moja. Wanaume wa Jumamosi tulikuwa tumesimama pale sote, tukiangalia oili safi ikiungua. Yule wa lori alinitazama. Nikatazama kwingine, na yeye akafanya hivyo hivyo. Halafu tukarudi majumbani kwa sababu moshi ulikuwa unawasha macho.

Miezi ikapita, mji ukatulia. Mama alikuwa kwenye mahema ya wakimbizi, na alitaka kurudi kwenye biashara yake. Kamati ya gereji, iliyosimamia pia vibanda vya barabara ile, ikaitisha mkutano kuamua nani arudishiwe nafasi. Siku moja kabla, aliningoja nje ya geti la shule. Alikuwa amekonda, amevaa sweta ya msaada iliyompwaya. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kumjibu.

"Mwalimu," akasema, "fundi aliniambia ni gasketi. Sitaki pesa yako na sitaki unipigie magoti. Kesho watasema wenye magari hawataki oili yangu. Wewe sema tu ilikuwa gasketi. Nikipata jina yangu, nafasi nitapata."

"Nitasema, Mama."

"Unaniahidi?"

"Nimekuahidi."

Mkutano ulifanyika pale pale gereji. Mwenyekiti alianza vizuri sana. "Sisi hapa hatuna shida na kabila ya mtu," akasema. "Shida ni moja. Wenye magari wanaogopa ile oili." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, gari iliharibika ni yako. Ilikuwa oili ama haikuwa?"

Nikasimama. Mama alikuwa amekaa kwenye tairi, mabinti wake nyuma yake, wote watatu wakiniangalia. Fundi alikuwa anachunguza viatu vyake; nafasi yake aliikodi kwa mwenyekiti, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Hayo ni mambo ya zamani," nikasema. "Kusema ukweli, sikumbuki vizuri."

Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Ungenielewa; watu wengi walinyamaza mwaka ule kwa hofu, na wengine walikuwa na haki kabisa ya kuogopa. Mimi sikuogopa. Vijana wenye rungu hawakuwapo. Walikuwapo wanaume kumi niliozoea kukaa nao, na niliwaza jinsi watakavyocheka: Mwalimu mzima, mwenye kutuhukumia oili, anaendesha gari rejeta ikiwa kavu. Ni hilo tu. Mwanamke alipoteza riziki yake ili mimi nisichekwe na watu ambao hata majina ya watoto wao siyajui.

Nafasi ilipewa jamaa wa mwenyekiti, mwuza oili ya chupa zilizofungwa. Mama alisimama, akashukuru kikao, akapita akitusalimu kwa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia alinipa mkono pia. Ulikuwa mkavu na haukukaza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilimwona mama yule mtaani Kapsoya. Alikuwa na meza ya mboga kando ya barabara, anamenya minji. Nilipita mara tatu kabla ya kupata moyo wa kusimama. Nilimwambia yote bila kuficha: rejeta, Chepsaita, gasketi, pipa la wageni nililolitunga, na kwamba siku ya mkutano nilikumbuka kila kitu. Nilitarajia machozi, yake au yangu.

Aliendelea kumenya. "Mwalimu, si mimi nilikuuliza siku ile ile kama gari ilichemka?"

"Uliniuliza."

"Basi mimi nilijua kabla ya fundi. Kwa nini unaniambia mimi? Hapa Eldoret mzima, mimi ndiye mtu mmoja hahitaji kuambiwa."

"Naomba msamaha, Mama."

"Nimesikia. Enda uambie wale wa gereji." Akainua kipande cha karatasi alichokuwa anafungia minji. "Utanunua ama unaniziba njia tu?"

Nilinunua. Aliyasema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu hasira ningejua la kuifanya.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Huruma nikiwa nimepanga maneno yangu toka kitandani. Wengi wa zamani walikuwa bado pale, wamezeeka. Fundi alikuwa amekufa. Mwenyekiti aliniita Mzee, akaniagizia chai. Waliongea juu ya mafuta ya gia, ni yapi yanayokula mpira, nikaongea nao. Nilikaa saa tatu. Kisha nikawaaga nikarudi nyumbani.

Kwa kuwa nilishindwa kuyasema, nimeyaandika. Siku chache nilijihisi nimefanya jambo kubwa, mpaka niliposoma tena kutoka mwanzo. Mama aliniomba kitu kimoja, jina lake lisafishwe, na mimi nimejaza kurasa bila kuliandika jina hilo, wala langu. Ikiwa wewe ni mwenye gari wa Eldoret na umesoma mpaka hapa, bado hujui ni mama yupi. Nimehakikisha hivyo.