Mia Moja na Hamsini wa Ukutani

Juzi fundi seremala alikuwa akipaka vanishi mlango wa ofisi yangu hapa Mombasa, na ile harufu kali yenye utamu kwa mbali ikanishika puani hata nikaacha kazi. Wengine vanishi huwakumbusha harusi na makochi mapya. Mimi hunirudisha Texas, kwenye jengo la bunge la jimbo, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimevaa gauni la Idi siku isiyokuwa Idi.

Nawaambia mapema, wasomaji wangu: mimi si mtu wa kujishusha. Nimesomea Houston, nimerudi na diploma yangu ya maabara, nimeitundika mahali ambapo mgonjwa akikaa tu anaiona, na maabara hii nimeisimamisha mwenyewe bila mjomba serikalini. Kwa hiyo msitarajie hadithi ya mtoto mnyonge. Sikuwa mnyonge hata siku moja.

Tuliishi Alief, mtaa wa Houston, kwenye fleti ambazo ukipita kila mlango unajua nani kapika nini. Baba aliendesha lori, mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Shuleni mwalimu wetu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alitangaza kwamba baada ya likizo ya Machi darasa litafanya bunge lake. Wengine watakuwa wabunge, watasema na kupiga kura. Wengine watakuwa wasaidizi. Akasoma orodha, na mimi nikawa bawabu. Kiingereza changu kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na bado kilikuwa kikijikwaa.

Nilinyoosha mkono nikasema sitaki. Mwalimu akatabasamu. Anayetaka kubadilishiwa kazi, akasema, alete ripoti juu ya bunge la jimbo, wajumbe wake na vikao vyake, siku ya kufungua shule.

Baba aliposikia alicheka. "Kwani bunge liko mwezini? Liko Austin hapo. Utaandikaje kitu hujakiona?"

"Piga simu uulize kwanza, Baba Zuhura," mama akasema.

"Nipige simu kuuliza kama bunge lipo bungeni?"

Msimcheke. Baba alikulia nchi ambayo wabunge husikika wakigombana redioni mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mtu anatamani wanyamaze kidogo. Basi Jumanne akaomba ruhusa kazini, akavaa kanzu na koti, mama akajaza mahamri na viazi vya karai kwenye bakuli, tukaondoka alfajiri. Ndani ya jengo kulinukia vanishi, na viatu vyetu vililia sakafuni kama vya watu wakubwa. Mlinzi, mzee mweusi mwenye masharubu meupe, alitutazama kanzu hadi gauni.

"Hawapo," akasema.

"Wameenda kula?" baba akauliza.

"Wameenda makwao, bwana. Hukaa siku mia moja na arobaini, mwaka mmoja ndiyo, mwaka wa pili hapana. Huu ni mwaka wa hapana. Rudini Januari."

Baba alitazama saa yake, kana kwamba Januari ingekuwa karibu. Mama alivuta buibui lake vizuri tu, na kwa mama hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Mimi machozi yalikuwa tayari. Nilijiona mlangoni, nikiwafungulia wenzangu. Ndipo baba alipoona ukutani fremu kubwa, imejaa picha ndogo ndogo za sura za watu, kila moja na jina chini yake. Mlinzi akaeleza kwamba hao ni wabunge wa kikao cha zamani, kabla baba hajazaliwa. Kila kikao kilikuwa na fremu yake. Nikahesabu wa fremu ile: mia moja na hamsini. Wanawake hawakujaza vidole vya mkono mmoja. Mweusi hakuwepo hata mmoja.

"Hatutoki hapa mikono mitupu," baba akasema. "Mama Zuhura, toa kalamu."

Akaanza kusoma majina kwa sauti ya mtu anayeita abiria, mama akaandika amepiga goti, karatasi juu ya bakuli la mahamri. "Hili ni jina la mtu ama la dawa?" mama akauliza mara mbili tatu. Watalii walitupisha. Tulimaliza jua likiwa limeinama.

Siku zilizobaki za likizo niliyahifadhi majina yale kama nilivyofundishwa chuoni. Chuo chetu cha Qur'ani kilikuwa chumba kimoja kando ya duka la matairi, na maalim alitufundisha kuhifadhi kwa kuyumba: aya kumi asubuhi, kumi jioni, kesho urudie za jana kabla hujagusa mpya. Mama alinisikiliza akipiga pasi. Nikichoka ananiambia, "Chururu si ndo ndo ndo." Shangazi yangu wa Euless, mji mwingine wa Texas, alinisikia kwenye simu akaangua kicheko. "Wenzake wanaogelea, nyinyi wenu mnamhifadhisha wafu!"

"Wafu hawa walipiga kura, wifi," mama akamjibu. "Wewe na mimi bado."

Siku ya kufungua shule mwalimu alipokea karatasi yangu, akaigeuza. "Haya ni majina tu, Zuhura."

Nikasimama. Nikayasoma yote bila karatasi, nikiyumba kama chuoni. Mvulana wa nyuma alianza kuniigiza kuyumba. Nilipofika thelathini aliacha. Mwalimu alifuata kwa kidole. Nilipofika tisini akasema inatosha, nimefanya vizuri. Nikamwambia sijamaliza. Nikamaliza.

"Na katika kikao chao walifanya nini?" akauliza.

Sikujua. Sheria hata moja sikuijua, na darasa likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akanishika bega kwa mapenzi. "Nimepata kazi yako. Utakuwa karani. Hakuna atakayeita majina vizuri kuliko wewe."

Wenzangu wakapiga makofi. Ilikuwa heshima, na mimi nilijua ni heshima. Lakini nikasema, kwa Kiingereza changu kinachojikwaa, "Sitaki kuita. Nataka kuitwa."

Mwalimu akachukua kalamu, akafuta neno bawabu kwenye orodha yake, akaandika jina langu chini ya wabunge.

Mswada wa kwanza ulikuwa wa kuongeza muda wa mapumziko. Niliutaka kama mtoto yeyote. Ila nilipoitwa nikasema "Hapana", nisikie tu neno langu likihesabiwa. Mvulana wa nyuma akaniita mwendawazimu. Wengine wote walisema ndiyo, na kwenye ubao ikaandikwa hapana moja.

Kwa miaka mingi nilimsimulia mwalimu yule kama adui niliyemshinda. Nimechelewa kuelewa kwamba alinipenda, na ukarani aliutoa kwa moyo safi. Hivyo ndivyo mlango unavyofungwa mara nyingi, kwa mkono laini, huku watu wanapiga makofi. Tangu nirudi, wazee wa kamati ya soko letu, lilipo maabara yangu, wameniomba mara tatu niwaandikie kumbukumbu za mikutano, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na nimesoma Marekani. Ni kweli, mwandiko wangu ni mzuri. Nimewaambia watafute mwingine wa kuandika, mimi wanipe kiti na kura. Bado wanajadiliana, na kila wakikutana mimi nahudhuria.