Meli Iliyogeuzwa Kibla

Mama yangu, aliyevuka miaka themanini, hutania hata msibani, ila si kwa habari za baba yake. Babu alichukuliwa vitani kuchochea makaa kwenye meli ndogo ya kivita, akafia baharini. Hakuna aliyetuambia kama aliswaliwa, na bila kujua hilo moyo wa mama ulikataa kumsomea hitima. Binamu yangu Zuhura, anayeishi Johannesburg, aliposikia kuwa huko yuko mtoto wa mwenzake babu wa melini, nikaaga Tanga.

Basi letu lilipita Zambia na Zimbabwe. Mpaka wa Beitbridge, wa kuingilia Afrika Kusini, ulinitoa jasho, na maandazi yangu yaliliwa zaidi na majirani wa viti.

Mtaani Berea, Johannesburg, Zuhura alinipokea kwenye chumba chake cha ghorofa ya juu. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi huku nikimlaumu kimoyomoyo.

Adhuhuri ilipopita tulifika Malvern, mtaa wa Jules, kwa fundi cherehani Mzee Hamadi, ndiye tuliyemtafuta. Alizaliwa Durban, Kiswahili alirithi kwa baba yake. Alitusimulia meli ile bila haraka: ilikuwa ya kuwinda nyangumi, vita vikaifunga mzinga, ikawa inasindikiza meli za mizigo kati ya Durban na Mombasa na kuzilinda dhidi ya nyambizi. Vita vilipokwisha ilirudia nyangumi wake, hadi ilipouzwa chuma chakavu. Uvumilivu ulinishinda.

"Mzee wangu, babu aliswaliwa?"

Akaweka mkasi chini. "Eish, mwanangu. Homa ilimwua. Maji ya bahari yangetosha kumwosha, lakini baba yangu hakutaka rafiki yake aende na chumvi mwilini. Wachochea makaa wakatoa maji yao ya kunywa, wakamwosha. Nahodha akawageuzia meli kibla, wakamswalia."

Nilimpigia mama palepale, nikampa mzee simu arudie maneno yale. Niliyelia ni mimi. Mama alimwuliza jambo moja tu: "Baba yako aliitwa nani?"

"Mussa," akajibu mzee.

Nilirudi Tanga nikiwa mwepesi. Niliondoka nikidhani babu alikufa peke yake, kumbe alikuwa na watu wake. Alhamisi iliyofuata nyumba yetu ilijaa wasomaji. Kabla hawajaanza, mama alimwambia imamu kuwa marehemu wetu ni wawili.