Jino Lililopotea

Kaka yangu alikuwa mwendesha moto, yaani pikipiki, akibeba abiria kutoka mjini Uvira hadi vijiji vya bonde la Ruzizi. Asubuhi moja aliondoka na hakurudi. Baadaye polisi walimkamata jirani yetu wa mtaa wa Songo akiendesha moto ile ile. Alisema kaka yangu alimwazima. Kwenye kiti palikuwa na madoa meusi.

“Ni damu ya mbuzi,” alisema. “Nilibeba nyama.”

Mvua zilipokuja, mkulima mmoja wa mpunga akakuta mifupa ya mtu shambani kwake. Tuliitwa hospitalini. Tulimkuta huko mama aliyeshuka kutoka Mulenge. Mwanawe naye alipotea msimu ule, akipeleka ng'ombe sokoni. Mifupa ililazwa juu ya kitambaa, bila nguo wala kiatu.

Mama yangu aligusa taya. “Hii meno ni ya mutoto wangu.”

Yule mwingine akasema polepole, “Mama, miye pia naona ni wangu.”

Daktari akaingilia kati. “Bamama, macho haiwezi kujua. Tutafanya ADN, kile kipimo cha kujua mutoto ni wa nani.” Aliwapangusa wote wawili ndani ya shavu kwa pamba, akang'oa jino moja kwenye ile taya, akakwangua na yale madoa ya kiti. Labo ya kupimia, alisema, iko mbali, nje ya nchi.

Mwendesha mashtaka alinieleza. Jino na damu vikionekana ni vya mtoto wa mama yangu, jirani hana pa kutokea. Damu ikiwa ni ya mbuzi kweli, hilo nalo lingemsaidia. Kila nilipopita ofisini kwake niliuliza jibu. Kisha vita vikasogea, barabara zikafungwa, naye akahamishwa.

Aliyeshika nafasi yake alituita. Vile vipimo havikuwahi kutoka Uvira. Umeme ulikatika, frigo ikazima, pamba zikaota ukungu. Jino halikuonekana.

Mama alifungua kinywa pale pale. “Pangusa tena.”

“Mama, hata tukipangusa, itapita njia gani?” akauliza yule mwendesha mashtaka mpya.

Hakimu alisema hakuna maiti yenye jina wala damu inayojulikana ni ya nani. Jirani akaachiliwa. Mama yake alipiga vigelegele mlangoni mwa tribinali. Wangu alikuwa amekaa bado kwenye benchi, nikamwinua kwa mikono miwili.

Mifupa tuliizika pamoja na familia ya yule mama wa Mulenge. Katekista aliuliza asome jina gani. Tukatazamana. Mama yangu akasema, “Soma yote mbili,” naye katekista akasoma yote mawili.

Mwezi uliopita nilikutana na jirani yule huko Kimanga. Amekonda sana tangu gerezani.

“Jambo, dada,” alisema. “Weye unaniamini?”

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka pia kumtemea mate usoni. Nilimwambia, “Sijui,” nikaendelea na njia yangu.