Mji Uliohamishwa Bila Kuhama

Ndani ya basi la kwenda Tonawanda, huku ughaibuni tulikohamia, mama mmoja wa kwetu Kivu alimuuliza bibi Mrusi, mwenzake wa kiwandani, swali letu la kumjua mgeni: chifu wenu ni nani?

Bibi akacheka. Mji wao mdogo ulikuwa makao makuu ya wilaya, ukashushwa ukawekwa chini ya mji jirani, ukabadilishwa jina, kisha ukarudishiwa la zamani. "Nyumba yangu haikusogea hata kidogo."

"Bon, sisi ni kinyume," mama akasema. "Mwami wetu, ndiye chifu, ni yuleyule, kijiji jina ni lilelile. Ni sisi tu hatuko."

"Sasa anawatawala akina nani?" bibi akauliza.

Simu ya mama ikalia. Akatazama jina, akasimama basi likiyumba, akavua kofia ya sufu.

"Ndiyo, mwami."