Mama Alipoliona Gauni kwa Jicho Jipya

Siku ya nne baada ya upasuaji, mama alitangaza kwamba daktari amemharibia jicho.

"Linaona vitu vimepinda," alisema. "La pili haliguswi na mtu."

Nikajua nimekwisha.

Ngoja nieleze. Mama ni fundi cherehani. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, taratibu, mpaka ikawa mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Mshono ulipompotea machoni kabisa, akawa anashona kwa kukisia. Wateja hakuwaambia.

"Wakijua, watanihama," alisema.

Kumfikisha hospitali ilikuwa vita. Walimtia matone mpaka mboni ikapanuka, kisha nesi akamuuliza kama ana wasiwasi.

"Mimi sina. Mwenye wasiwasi ni huyu binti yangu," akasema, akanyoosha kidole.

Alilinyooshea pazia.

Wakampiga ganzi jicho la kulia. Haikufika nusu saa akatoka na bandeji. Kesho yake ilipofunguliwa, alimtazama daktari, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

Jicho la kushoto likapangiwa wiki tano mbele. Daktari alionya tusilicheleweshe, lisije likapofuka kabisa.

Nyumbani nikawa askari. Matone mara nne kwa siku. Asiiname, asisugue, maji ya sabuni yasimwingie. Akilala, kinga ya plastiki juu ya jicho. Cherehani nikaifunika shuka.

Siku hiyo ya nne nilitoka mara moja tu dukani. Kurudi, shuka liko chini, mama kasimama dirishani na gauni la mteja, kafumba jicho la kushoto.

"Mshono huu umepinda."

"Labda ni mwanga, mama."

"Na huu. Na wa ile blauzi. Nguo saba, zote! Mimi sijapindisha mshono tangu nianze kazi. Kwa hiyo ni jicho."

Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa, naomba radhi mimi. Lakini nikinyamaza, la kushoto linakufa.

"Si jicho, mama. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikuwa nafumua ulizoshona, nashona upya. Ukilala mchana."

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Wewe? Ukafumua mishono yangu?"

"Mama, kuna blauzi uliishona mkono kwenye shingo."

Akakaa kitini. Machozi yakanitoka.

"Kalie kule," alisema. "Mimi nimekatazwa kuinama, siwezi kukubembeleza."

Hodi ikapigwa. Mama Mapacha, mwenye gauni. Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Gauni lako limepinda," mama akamwambia, kavukavu. "Nimeshona mwaka na nusu sioni. Kama unahama, hama."

Mama Mapacha akaweka mkoba chini.

"Fundi, mbona tunajua? Mtaa mzima tunajua. Nikitoka hapa huwa napitia kwa fundi wa pale sokoni, ananinyooshea kidogo."

"Sasa mlikuwa mnaniletea za nini?"

"Ungekaa bure, ungeugua."

Mama akalikunja gauni vizuri, pembe kwa pembe, akaniita.

"Hebu soma ile kadi ya hospitali. Jicho la kushoto ni tarehe ngapi?"

Nikamsomea.

"Wapigie simu. Waulize kama kuna nafasi ya karibu zaidi."

Haikuwepo. Alisubiri wiki zake tano akilalamika kila siku, akafanyiwa. Sasa anaona kotekote, na amenipiga marufuku kugusa cherehani.

Niwaambie jambo moja, wenye mzazi anayepapasa kikombe mezani. Sisi tulimpenda mama kwa kumfichia: mimi kwa kufumua, wateja kwa kunyamaza. Kila mtu aliona huruma, hakuna aliyemshika mkono mapema kumpeleka kwa daktari wa macho.

Huruma yetu ilimlia mama mwaka na nusu wa kuona.