Kuku wa Karatasi Nyekundu

Mwezi jana nilipita kwenye ukumbi mmoja mjini ambako Wachina walikuwa wakionyesha kazi za mikono za kwao. Pembeni aliketi msichana akikata karatasi nyekundu kwa mkasi. Nilimweleza juu ya kuku mmoja wa karatasi niliyemjua zamani, mwenye kifaranga tumboni na samaki watatu mahali pa mkia. Akanipa mkasi nimwonyeshe. Nikashindwa. "Huyo simjui," akaniambia kwa upole, "na sidhani hata mwalimu wangu anamjua." Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, rafiki yangu, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Kuku huyo nilimjua nikiwa mtoto Kawangware, miaka ya tisini. Tulikaa sehemu ya mtaa iitwayo Kongo, chumba kimoja cha mabati, na mama alifua nguo kwa familia moja ya Kichina ng'ambo ya mto, watu wenye mkahawa. Shule zikifungwa alienda nami. Tulipita kwenye harufu ya mandazi na maji ya sabuni, tukivuka mto harufu ikageuka kuwa ya nyasi zilizokatwa.

Nyanya wa nyumba ile, mama yake mwenye mkahawa, alishinda barazani na mkasi mdogo. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: njoo, keti, pole pole. Siku moja aliniambia yote matatu, akanipa karatasi. Alinifundisha kwa kunishika vidole. Unaanza na matundu ya ndani, yale madogo kabisa, halafu unamalizia pembeni, kwa sababu ukianza nje karatasi inalegea.

Mwanawe ndiye aliyetufafanulia. Kijijini kwao wanawake walibandika karatasi hizo madirishani kabla ya mwaka mpya, na kuku yule alitoka kwa mama yake nyanya, ambaye naye alimpata kwa mama yake. Hakuwa kwenye kitabu chochote. "Binti yangu hataki, anataka televisheni," alimwambia mama. "Huyu wako akijua, mama yangu atafurahi."

Kisha nyanya akaomba taa yenye moshi. Nyumba ile ilikuwa na stima kila chumba, mama akacheka. "Moshi? Hiyo kwetu ni mingi." Kesho yake alileta koroboi yetu, ameifunga kwa gazeti. Nyanya alimlowesha kuku maji, akambandika kwenye karatasi nyeupe, akaishikilia juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi tititi. Alipombandua, kuku alibaki pale, mweupe katikati ya masizi. Ndivyo walivyohifadhi michoro yao. Alifanya hivyo alasiri nyingi, kila mchoro na karatasi yake, akazishona kwa uzi zikawa kijitabu.

Baadaye akaanza kuugua, na familia ikaamua kurudi kwao. Siku ya kuondoka alinipa kijitabu kwa mikono miwili, akasema neno la nne, ambalo alikuwa amemwomba mama amfundishe. "Weka."

Mama alikosa kazi. Tukahamia Kibera kwa shangazi, karibu na mtaa wa Ayany, mama akawa anauza sukuma wiki kando ya njia. Shuleni nilibandika kuku mwekundu kwenye deski langu. Wasichana wakavuta macho kwa vidole: "Sasa, Mchina?" Jina likanikaa. Nikambandua kuku, nikaacha kukata, na kijitabu kikaingia chini ya godoro.

Masika yakaja. Jioni moja makaa yalikuwa yamelowa, mafuta ya taa yameisha, wadogo zangu wanalia njaa na mama hajarudi. Nilitafuta karatasi ya kuwashia jiko. Nilikuwa na daftari la hesabu, na mwalimu angenichapa. Nilikuwa pia na kijitabu cha nyanya. Nilivitazama vyote viwili, nikachagua. Sitakudanganya kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilichana karatasi moja moja, na zile zenye masizi zilishika moto upesi.

Mama aliingia maji yakimtiririka, akauona uzi sakafuni.

"Umewashia nini?"

"Karatasi."

"Gani?"

Mama alikaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji akiwa bado amelowa. "Hiyo haikuwa yako peke yako," akasema. Kisha akasonga ugali, tukala. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote.

Siku hizi Kongo kuna magorofa mahali tulipokuwa. Nyumba ya ng'ambo ya mto ilibomolewa. Jina la nyanya sikuwahi kulijua, kwa hiyo hata nikitaka kuwatafuta watu wake sijui niulizie nani.

Mama naye ametutoka. Kwenye matanga yake shangazi alinivuta kando, akaniambia jambo nisilolijua. Miaka ile ya Kibera, wateja wakiwa wachache, mama alikuwa akichukua magazeti ya kufungia sukuma na mkasi wa kushonea, akijaribu kumkata yule kuku. Alikuwa amenitazama mara nyingi nikifundishwa. Kichwa alikiweza, kifaranga pia, lakini kila mara alikwama kwenye mkia, akaikunja karatasi na kumfungia mteja mboga.

Angeniuliza tu. Wakati huo vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka.