Nilivyowatania marehemu wa Bi Mwamvua, mtaro wa Temeke ukasimama

Wakuu, mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mnafika watatu. Wengine marahaba.

Tangu jana nasoma uzi wa watu wanabishana kuhusu hizi kazi za muda ambazo halmashauri zinawapa vijana wasio na ajira. Mmoja kaandika kwamba ni mambo mapya ya siku hizi. Nimecheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniuliza babu kulikoni.

Mambo mapya? Mimi kazi hizo nimezifanya kabla baba yako hajaanza shule.

Nitasimulia yaliyonikuta kama yalivyokuwa. Anayetaka kuita chai au uongo aite, ila sururu nilishika mwenyewe na kosa nilifanya mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kule Newala, nikaja Dar kukaa kwa dada yangu Temeke. Mama alikuwa ameshafariki, baba ameoa na kuhamia kwa watu nisiowajua. Kwa hiyo kwa dada ndiko kulikuwa nyumbani kwangu, sikuwa na kwingine.

Sasa enzi zile kijana kukutwa mjini hana kazi ilikuwa kesi. Mgambo wakikusimamisha ukakosa karatasi ya kuonyesha, unapandishwa lori, unarudishwa kijijini ukalime. Ndiyo ilikuwa siasa ya wakati ule, kila mtu ale jasho lake. Nilishaona vijana wawili wa mtaa wetu wanaondoka hivyo, na mmoja alikuwa ametumwa chumvi tu.

Kiangazi kilipoingia, balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango. Ofisi ya kata inataka vijana thelathini wasio na kazi, wachimbe mtaro wa kutoa maji ya mvua kutoka sokoni hadi bondeni. Posho ipo. Halafu akasema neno lililonifanya nisimame: atakayemaliza mpaka mwisho atapewa barua ya kata, na kwa barua hiyo utaajiriwa jiji.

Barua! Dada alinisukuma mgongoni hata kabla balozi hajamaliza.

Mnyapara wetu alikuwa Mzee Mbonde, mtu wa maneno machache na ufito mmoja mrefu. Kila asubuhi anapima kwa ule ufito: hii ngwe yako, hii ya mwenzako. Ukimaliza ngwe yako saa nne, siku yako imekwisha, kalale. Ukishindwa, kesho unaikuta palepale na nyingine mbele yake. Wiki ya kwanza mikono yangu ilipasuka, nikawa nakula ugali kwa kijiko kama mzungu.

Wasichana walikuwa wanne, kazi yao kubeba udongo. Mmoja wao ndiye sababu ya uzi huu. Aliitwa Nyamizi, Mnyamwezi, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa anabeba karai limejaa kichwani bila kulishika, huku anatukana watu.

Lakini siyo watu wote. Alikuwa anawatukana Wazaramo.

Tulipofika katikati ya njia, mtaro ulipita nyuma ya nyumba ya Bi Mwamvua, mwanamke wa Kizaramo mwenye umri wa kutosha kuwa bibi wa kila mmoja wetu. Kando ya uwanja wake kulikuwa na makaburi matatu: la mama yake, la mumewe na la mtoto wake wa kwanza. Vigingi vya kuonyesha njia ya mtaro vilipita hatua nne tu kutoka hapo. Alikubali bila shida. Tena kila siku alitutolea mtungi wa maji.

Na kila siku Nyamizi alimvaa. "We mtumwa wangu, maji gani haya ya moto? Unataka nife urithi karai?" Bibi anajibu, "Kunywa hivyo hivyo, kwenu bara mnakunywa na ng'ombe." Wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Kwa vijana msiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kutoka bara kuja pwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakamata kuku wako, anakuita mtumwa, na wewe kununa huruhusiwi. Msibani mtani ndiye anayelala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Huzuni inakatika hapo, watu wanapumua.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule niliona tu kwamba wenyeji wa Dar wanapenda matani.

Siku moja Nyamizi akapita na karai lake, akayaonyesha yale makaburi kwa kidevu. "Mtumwa, hawa wa kwako wamelala mchana kutwa, sisi tunachimba. Waamshe washike sururu!"

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Waamshe mwenyewe! Wakikukamata usinililie mie."

Nikasema kumbe huyu bibi ni mtu wa watu. Mgeni mimi, nataka kuonekana nimeshakuwa mtoto wa mjini. Kesho yake Nyamizi ameenda kumwaga udongo, bibi kaleta mtungi. Nikafungua mdomo wangu.

"Bibi, wazee wetu leo pia hawajaamka? Waambie sururu zipo za kutosha."

Wakuu, sururu zote zilisimama. Hata wale waliokuwa mbali.

Bi Mwamvua aliniangalia. "Weye kabila gani?"

"Mmakonde, bibi."

Akauchukua mtungi wake, akaingia ndani. Nikadhani yamekwisha. Akatoka na mkeka, akautandika juu ya njia ya mtaro, mbele kabisa ya pale sururu ya mwisho ilipoishia. Akakaa, akatugeuzia mgongo.

Kazi ikasimama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Anakuja alfajiri, anaondoka jua likizama, wajukuu wanamletea chakula palepale. Mtaro usingeweza kupinda, upande wa pili kulikuwa na msikiti. Na mawingu ya vuli yalishaanza kujikusanya.

Katibu kata alikuja mwenyewe na mgambo wawili. Aliongea vizuri tu, sitamsingizia. "Bibi, huu mtaro ni wa wananchi."

"Na hawa walikuwa nani, mwanangu? Hawakuwa wananchi?"

Katibu akamwangalia mgambo mmoja kama kumwambia mwondoe. Yule mgambo akatazama makaburi, akatazama viatu vyake. "Mzee, mie mama yangu Mzaramo." Wakaondoka.

Jioni hiyo dada alinipeleka kuomba radhi. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikalia, na sikuwa naigiza. Bi Mwamvua aliniinua kwa mkono wake, na maneno aliyoniambia sijayasahau.

"Mie nimekusamehe toka siku ileile. Lakini si mie uliyenitania. Maneno ya mtani hayawafiki, ndivyo tulivyowekeana. Ya kwako yamewafika. Sasa wao nitawaambia nini?"

Dada akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Kabla ya hapo katibu alikuwa ameshatutangazia: barua itaandikwa kwamba kijana amemaliza kazi, na kazi kumalizika maana yake mtaro umefika bondeni. Mvua ikitangulia, hakuna barua. Kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa umewachoma wenzangu ishirini na tisa. Mmoja alilichukua shati langu akalitupa vumbini, na hakuna aliyemwambia kitu. Nyamizi hakunisemesha kabisa, na yeye akikaa kimya ujue hali ni mbaya.

Siku ya nne asubuhi tumekaa kwenye kingo za mtaro. Bibi yuko mkekani, katibu yuko na Mzee Mbonde wanazungumza chini chini. Tukasikia kilio.

Kilio cha msiba kabisa. Watu wakatoka majumbani.

Ni Nyamizi anakuja. Kanga kaifunga kiunoni, majivu kajimwagia kichwani, na anajililia mwenyewe. "Nyamizi kafa jamani! Wazaramo wamemuua Nyamizi!"

Alimpita katibu kama anapita nguzo. Akaruka ndani ya mtaro, akaenda mpaka mwisho, chini ya pale pale bibi alipokaa, akajinyoosha chali, akafumba macho.

"Nizikeni! Na mnizike na mjinga wangu!"

Bibi hakugeuka. Akauliza akiwa bado katugeuzia mgongo, "Mjinga yupi?"

"Huyo Mmakonde. Nilimwokota njiani nikija pwani, hana kwao, nikamchukua. Ni wangu. Alilosema nimesema mie kwa mdomo wake. Wa kwako kama wamenuna, wakaninunie mie, na mie hawaniwezi toka babu zao!"

Nywele zilinisimama. Hata sasa naandika zinasimama.

Maana nilielewa alichofanya. Kama mimi ni wake, basi maneno yale ni ya mtani. Na kama ni ya mtani, hayakuwafika wale waliolala. Siku nne serikali nzima ya kata imeshindwa, msamaha umeshindwa, machozi yangu yameshindwa. Huyu binti wa miaka kumi na tisa, hana cheo, hana karatasi, amelala kwenye udongo na anayafuta maneno yaliyokwisha kusemwa. Sikujua kama binadamu anaweza kufanya jambo hilo.

Bibi akageuka taratibu. "Kama wako, mbona hukumfunza adabu?"

"Ndo nimekufa kwa aibu hivyo!"

Nikaona mdomo wa bibi unatetemeka. Anaukaza, unamponyoka. Halafu akacheka, akacheka na kulia kwa pamoja. "Toka shimoni weye, unaniletea mashetani ya bara!"

Akasimama, akachota maji kwa kata ya kifuu, akaenda kwenye makaburi. Alimwita kila mmoja kwa jina, akamwaga maji kidogo. Nilimsikia mwenyewe. "Mama, yule mtoto si mgeni. Ni wa mtani. Hayakusemwa."

Nilipogeuza macho, katibu kata alikuwa amevua kofia. Mzee Mbonde ameuweka ufito wake chini. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Nyamizi alitoka mtaroni akanishika sikio mbele ya wote. Adhabu yangu: nimjazie bibi maji kutoka bombani kila siku mpaka kazi iishe. Nilijaza kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Kwenye kujaza huko tukazoeana, nikawa napewa na uji.

Mtaro ulifika bondeni. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata na tulikwenda kutazama maji yanavyopita, watu wazima wamesimama barabarani wanalowa na kushangilia maji machafu.

Siku ya barua, karani wa kata akatoa fomu ambayo hakuna aliyetuambia mapema. Kila kijana alete mwenye nyumba wa mtaani amdhamini, aweke saini, ndipo barua itoke. Wenzangu wakatawanyika kwenda kuita watu. Dada na shemeji walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba wetu alikuwa anaishi Bagamoyo.

Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Nikawaza lori. Nilijua kabisa nitapandishwa, na nitashuka mahali ambapo hakuna anayenisubiri.

Sijui nani alimwambia. Nadhani Nyamizi, ingawa alikana mpaka siku alipoolewa akarudi Tabora. Nikamwona Bi Mwamvua anakuja na baibui lake, anatembea polepole. Akanipita bila kunisalimia, akaingia ndani, mimi nyuma yake.

"Namdhamini huyu," akasema.

Karani akaandika jina. Akauliza, "Uhusiano wenu?"

"Mtani."

Karani akaweka kalamu chini, kijana mwenye adabu tu. "Shikamoo bibi, samahani. Mmakonde na Mzaramo si watani."

Bi Mwamvua alimwangalia kama alivyoniangalia mimi siku ile. "Wa mtani wangu ni wangu. Nimeshawaambia wakubwa wetu waliolala pale nyumbani, wamekubali. Weye nani ukatae? Andika."

Karani akaandika. Bibi akachovya kidole gumba kwenye wino, akakandamiza.

Wakuu, nilipata kazi jiji na nikastaafu jiji. Watoto wangu wote wamezaliwa Temeke.

Nilichojifunza: ukiingia mahali, usichukue utani wa watu kabla hujaujua mlango wake. Kinachoonekana mchezo ndicho kilichoshika nyumba. Na nyie mnaobishana kuhusu ajira za halmashauri, hizo karatasi ni muhimu, sikatai, lakini mimi karatasi yangu ilipata nguvu kwa kidole cha mtu niliyemkosea.

Mwenye kisa cha watani waliomwokoa au waliomtoa jasho akimwage hapa, nitasoma vyote, usingizi wa uzeeni hauna ratiba.

Na kama humu yupo mtu wa ukoo wa Bi Mwamvua, aandike anachotaka, anaweza hata kunitukana. Mimi ni wa kwenu.